Lisanuddin Ibnul Khatib na Tauni ya Andalusi

Katika wanavyuoni wa Andalusi ambao yatupasa kuwajua ni Muhammad bin Abdillah, mashuhuri kwa lakabu ya Lisanuddin Ibnul Khatib. Bwana huyu alizaliwa mwaka 713 Hijria (1313) katika mji wa Losha, karibu na Gharnata. Alisoma dini, lugha na utabibu. Baba yake na ndugu yake walikufa katika vita vya Tarifa mwaka 741 (1340), naye akawa mwandishi katika diwani ya mfalme, chini ya waziri Ibnul Jayyab. Usiku alikuwa hapati usingizi, basi akautumia kwa kusoma na kutunga, hata watu wakamwita mwenye umri mara mbili. Kitabu chake kinachojulikana zaidi ni Al-Ihata, tarehe ya Gharnata na watu wake.

Mwaka 749 (1348) tauni kubwa iliingia Andalusi kwa bandari ya Almeria. Ibn Khatima, tabibu na mshairi wa mji huo, aliandika jinsi maradhi yalivyoanzia katika mtaa wa maskini kisha yakaenea. Mwaka uliofuata waziri Ibnul Jayyab naye akafa, na Ibnul Khatib akashika mahali pake.

Watu walikuwa wakiuliza: je, maradhi haya yaambukiza? Mafakihi wengi walifutu kuwa hakuna kuambukizana, wakishika dhahiri ya Hadithi. Ibnul Khatib akatunga risala kuwajibu. Hakuanza kwa kubishana. Alianza kwa kutazama. Aliona kuwa anayemgusa mgonjwa hufa, na anayejitenga naye husalimika. Kuwa maradhi huingia nyumbani kwa nguo, chombo au hata kipuli cha sikioni. Kuwa huanza nyumba moja, kisha yakafuata jamaa, majirani na wageni. Na kuwa mji wa pwani hukaa salama mpaka afike mtu kutoka nchi yenye tauni. Akataja mcha Mungu mmoja wa mji wa Sala, Ibn Abi Madyan, aliyeweka akiba ya chakula akaziba mlango wake kwa matofali, na watu wa nyumba yake wakasalimika hali mji unateketea. Akataja pia mateka wa Kiislamu waliofungwa katika gudi la Ishbilia, ambao tauni haikuwafikia.

Kwa hiyo akasema kuwa dalili ya maandiko ikionekana kupingana na yanayothibitishwa na macho, haina budi kufasiriwa. Na mufti anayewaambia watu wasiogope kuambukizwa, alimwona kuwa anawatia katika mauti.

Haya hayakuwa uzushi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Na Sayyidna Umar, mwaka 18 Hijria, alipofika Sargh na kupata habari ya tauni ya Sham, alitaka shauri kisha akarejea na watu wake. Wanavyuoni wengi wameeleza kuwa kilichokanushwa katika Hadithi ni itikadi ya kijahilia, kwamba ugonjwa hupita kwa nguvu zake wenyewe pasi na kutaka kwake Mwenyezi Mungu.

Mwaka 1894 Alexandre Yersin alikigundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong, na baadaye ikajulikana kuwa viroboto wa panya ndio wanaokichukua. Ibnul Khatib hakuyajua hayo, lakini habari yake ya nguo ilikuwa na maana.

Mwisho wake ulikuwa wa msiba. Kwa fitina za siasa alikimbilia Maghribi mwaka 773 (1371), akasingiziwa uzandiki kwa maandishi yake mengine, vitabu vyake vikachomwa Gharnata, na mwanafunzi wake mwenyewe, Ibn Zamrak, akawa miongoni mwa waliomshitaki. Alinyongwa gerezani Fas mwaka 776 (1374).

Ndugu zetu, mwaka 2020 misikiti ilipofungwa kwa ajili ya Korona, na Mji wa Kale wa Mombasa ukazuiliwa watu kuingia na kutoka, wako waliosema kuwa kujitenga ni upungufu wa imani. Suala hilo lilikwisha jibiwa karne nyingi kabla yetu. Kutawakali si kufumba macho, na fatwa isiyotazama hali ya watu yaweza kuwaua. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibnul Khatib, na atupe sisi ilimu yenye manufaa.