Henry Leland: Gwiji wa injini aliyepuuza vazi la gari

RAIS Barack Obama wa Marekani alipozuru Nairobi mnamo Julai 2015, gari lake jeusi aina ya Cadillac lilizungumziwa karibu sawa na mwenyewe. Abiria wa gari hilo alikuwa mwana wa Barack Obama Senior, aliyesoma katika Shule ya Maseno, karibu na Kisumu, mapema katika miaka ya 1950.

Kabla ya Cadillac, marais wa Marekani walizoeleka kuonekana ndani ya Lincoln. Franklin Roosevelt alikuwa nayo, na John F. Kennedy alipigwa risasi mwaka 1963 akiwa ndani ya Lincoln Continental iliyokuwa wazi juu. Wengi huyachukulia majina hayo mawili kuwa ya mahasimu wa kibiashara. Ni wachache wanaojua kwamba kampuni zote mbili zilianzishwa na mtu mmoja, Henry Martyn Leland, na kwamba ile ya pili ilimponyoka akiwa mzee wa karibu miaka 80.

Leland alizaliwa Februari 16, 1843, katika familia ya wakulima jimboni Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Alianza kazi ya kiwandani angali kijana. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 aliajiriwa katika kiwanda cha silaha cha serikali mjini Springfield. Mwaka 1864, akiwa ndiyo kwanza ametimiza umri wa kupiga kura, alimpigia Abraham Lincoln. Kura hiyo ya kwanza hakuisahau maishani.

Chuo chake kikuu kilikuwa karakana. Katika kampuni ya Brown & Sharpe mjini Providence alifunzwa kupima chuma kwa vipimo vya elfu moja ya inchi. Wakati huo mafundi wengi waliunda kifaa kwa kukisia, kisha wakakikwangua kwa tupa mpaka kikaingia mahali pake. Leland aliuchukia utaratibu huo. Kwake yeye, kifaa ambacho hakikuingia bila kulazimishwa kilikuwa kimeharibika tangu kilipotengenezwa.

Mwaka 1890 alihamia Detroit na kufungua karakana pamoja na washirika wake. Sifa za kazi yake zilienea haraka, hata Ransom Olds, mwenye magari ya Oldsmobile, akamwagizia injini.

Mwaka 1902 wawekezaji wa Kampuni ya Henry Ford, ambayo Ford mwenyewe alikuwa ameihama baada ya mgogoro, walimwita Leland akadirie thamani ya mitambo yao ili waiuze na kugawana kilichosalia. Badala ya kuwasaidia kuizika kampuni, aliwaonyesha injini aliyoiunda na kuwashauri waendelee. Wakakubali. Kampuni ikapewa jina jipya, Cadillac, kwa heshima ya Mfaransa aliyeuasisi mji wa Detroit mwaka 1701.

Ushindi mkubwa wa Leland ulikuja mwaka 1908 nchini Uingereza. Katika uwanja wa Brooklands, chini ya usimamizi wa chama cha magari cha nchi hiyo, Cadillac tatu zilifunguliwa zote mpaka zikawa lundo la vyuma. Vyuma vikachanganywa, vingine vikaondolewa na kubadilishwa kwa vipuri vya dukani. Mafundi wakayaunganisha magari hayo upya kwa spana na bisibisi tu, bila tupa. Injini zikawaka, na magari yakakimbia maili 500, yaani kilomita zipatazo 800. Cadillac ikatunukiwa Tuzo ya Dewar.

Leo fundi wa gereji mjini Kisumu akinunua kipuri kilichotengenezwa ng'ambo, akakifunga na gari likaondoka, anafaidi wazo hilo hilo. Leland hakulibuni yeye, kwani lilitoka kwenye viwanda vya bunduki alikolelewa kikazi, ila ndiye aliyewathibitishia wenye magari kwamba linawezekana.

Mwaka 1909 Cadillac iliuzwa kwa General Motors, lakini Leland na mwanawe Wilfred waliendelea kuiongoza. Chini yao gari hilo lilipata kiwashio cha umeme mwaka 1912, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Kabla ya hapo dereva alilazimika kuizungusha injini kwa mkono wa chuma, ambao uliweza kurudi kwa nguvu na kumvunja mfupa.

Baba na mwana walijitenga na General Motors mwaka 1917, baada ya kutofautiana kuhusu utengenezaji wa injini za ndege za kivita. Walianzisha kampuni yao, na mzee akaipa jina la rais aliyempigia kura akiwa kijana: Lincoln. Vita vilipokwisha mwaka 1918, kiwanda kikubwa kikabaki bila kazi. Wakageukia magari.

Lincoln ya kwanza ilitoka mwaka 1920. Injini yake ilisifiwa na kila aliyeijua kazi. Tatizo lilikuwa vazi. Bodi ya gari hilo ilikuwa imesanifiwa na mkwewe Leland, Angus Woodbridge, ambaye taaluma yake ya awali ilikuwa kutengeneza kofia za wanawake. Wanunuzi matajiri waliliona gari limepitwa na wakati. Mzee aliyekataa kosa la elfu moja ya inchi ndani ya injini alikuwa ameliachia jamaa wa nyumbani lile ambalo mteja huliona na kulikalia.

Mdororo wa uchumi wa 1920 na 1921 haukumsaidia, na serikali ikamletea dai kubwa la kodi. Novemba 1921 kampuni ikawekwa chini ya mrasimu. Februari 4, 1922, Henry Ford aliinunua kwa dola milioni nane. Yule ambaye mabaki ya kampuni yake yalizaa Cadillac sasa akawa mmiliki wa Lincoln. Miezi michache baadaye, Leland na mwanawe walitolewa kiwandani. Walikwenda mahakamani kuwatetea wenye hisa wa awali, wakashindwa.

Ford alimkabidhi Lincoln mwanawe, Edsel, na huyu hakuigusa sana injini. Aliwaita wajenzi wa bodi waliosifika, kama vile Brunn, Judkins na LeBaron, waliokuwa na ustadi wa mbao, ngozi na vitambaa. Lincoln ikawa gari la fahari bila moyo wake kubadilishwa.

Historia hiyo huonekana wazi gari la enzi hizo linapofufuliwa. Pistoni iliyochakaa huweza kuchongwa nyingine kwa vipimo vile vile. Sehemu ya ndani haina njia hiyo ya mkato. Kiti kilijengwa kwa fremu ya mbao, springi, singa za farasi na ngozi iliyokatwa kwa mkono. Nyuma, walikokaa matajiri, mara nyingi kulitandikwa kitambaa cha sufu, na ngozi ngumu ikaachiwa dereva mbele.

Fundi makini hupiga picha kwanza, kisha hung'oa kila kitu kwa mpangilio na kukiwekea alama. Kifuniko kikuukuu cha kiti hakitupwi hata kikiwa matambara. Hufumuliwa mishono, kikawa kielelezo cha kukatia kipya. Fremu na springi hukaguliwa kabla ya ngozi kununuliwa, kwa maana kushonea ngozi mpya juu ya mbao iliyooza ni kupaka rangi ukuta unaoanguka. Singa zikiwa bado nzima, huoshwa, hukaushwa, huchambuliwa na kurudishwa.

Hali ya hewa huongeza kazi. Maseno iko kwenye mstari wa ikweta, na mvua zake ni nyingi. Gari la namna hiyo likiachwa nje mahali kama hapo, jua la utosini hupasua ngozi na kufifisha rangi ya sufu, unyevu huleta kuvu na kubandua mbao nyembamba za mapambo, kisha nondo na panya humaliza kilichobaki. Dawa si ya ajabu: kivuli, hewa inayopita, na ngozi kusafishwa na kupakwa mafuta yake kabla haijakauka.

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamishonari wa Kianglikana mwaka 1906, Cadillac ikiwa na umri wa miaka minne, na miongoni mwa yaliyofunzwa huko mwanzoni ni useremala. Fundi aliyejua kuunga mbao mbili bila msumari kuonekana alikuwa na nusu ya ujuzi ambao gari la Leland lilihitaji ndani yake. Mafundi wa jua kali mjini Kisumu wanaoshona viti vya matatu wanayo nusu ya pili.

Leland alifariki dunia Detroit mnamo Machi 26, 1932, akiwa na umri wa miaka 89. Mbali na magari, aliacha kumbukumbu ya mcha Mungu aliyepigania uongozi safi katika mji wake. Cadillac na Lincoln hazikuacha kutengenezwa. Funzo alilolilipia kwa kampuni yake ni kwamba mnunuzi haioni injini. Huketi kwanza, akagusa ngozi na mbao, na hapo ndipo anapoamua kama fundi alikuwa makini.