Sayyida Salme na gharama ya ahadi za ubatizo

Ukoo wa Al Busaidi, unaotawala Muscat hadi leo, ulimtoa pia binti aliyeuacha Uislamu. Sayyida Salme, mtoto wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Zanzibar, alizaliwa Zanzibar mwaka 1844.

Mwaka 1866 alitoroka kisiwani, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Tarehe 30 Mei 1867, mjini Aden, alibatizwa kwa jina la Emily na siku hiyo hiyo akafunga ndoa.

Anayebatizwa huahidi kumkataa shetani na kumfuata Kristo siku zote. Salme aliahidi hayo kabla ya kuielewa vyema dini yenyewe, jambo alilolikiri baadaye katika maandishi yake.

Mwaka 1870 mumewe alifariki mjini Hamburg kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Aliporejea Zanzibar mwaka 1885 kudai urithi, Sayyid Barghash, kaka yake aliyemsaidia katika uasi wa mwaka 1859, alikataa kumpokea. Kisheria, aliyeritadi harithi.

Hata hivyo, aliwalea wanawe katika Ukristo. Alifariki Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mchanga wa Zanzibar.