Otto Jespersen: Mdenmarki Aliyeieleza Sarufi ya Kiingereza

Otto Jespersen alizaliwa tarehe 16 Julai 1860 mjini Randers, Denmark, katika ukoo wa wanasheria. Wazazi wake wote wawili walifariki angali mvulana. Akiwa shuleni alikutana na vitabu vya sarufi vya mtaalamu wa kwao, Rasmus Rask, na kwa msaada wa vitabu hivyo akajifunza lugha za kigeni bila mwalimu. Hata hivyo, alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1877, alifuata desturi ya ukoo akasomea sheria. Somo hilo halikumwingia moyoni. Baada ya miaka michache aliliacha, akageukia lugha, huku akijipatia riziki kwa kuandika hatimkato katika Bunge la Denmark. Si ajabu kwamba mtu aliyelipwa ili anase maneno kama yalivyotamkwa, wala si kama yalivyopaswa kutamkwa, baadaye aliifanya sarufi kwa mtazamo uo huo.

Alihitimu mwaka 1887, Kifaransa kikiwa somo lake kuu, na Kiingereza na Kilatini yakiwa masomo ya ziada. Kisha akasafiri Uingereza, ambako alifahamiana na Henry Sweet, bingwa wa fonetiki. Mwaka 1891 alitetea tasnifu yake ya uzamivu kuhusu uhusika katika Kiingereza, na miaka miwili baadaye akawa profesa wa Kiingereza katika chuo alichosoma. Alikalia kiti hicho hadi mwaka 1925.

Ili kuelewa uzito wa tasnifu ile, ni lazima kukumbuka jinsi sarufi ya Kiingereza ilivyofundishwa wakati huo. Kilatini kilikuwa ndicho kipimo. Kwa kuwa nomino za Kilatini hubadilika umbo kulingana na uhusika, mwanafunzi alikaririshwa orodha hiyo hiyo kwa nomino za Kiingereza, ingawa umbo halibadiliki isipokuwa katika umilikishi. Jespersen alikataa. Pasipo umbo, alisema, hapana uhusika wa kuuorodhesha. Msimamo huo ulimgonganisha na E. A. Sonnenschein, profesa wa Birmingham aliyetaka istilahi za Kilatini zidumu katika sarufi ya Kiingereza, na katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924 Jespersen alimjibu hoja kwa hoja.

Aliendelea hivyo hivyo katika njeo. Kwa maoni yake, kitenzi cha Kiingereza kina njeo mbili tu zenye maumbo yake, yaani wakati uliopo na uliopita. Hakina njeo ya wakati ujao, kwa sababu vitenzi visaidizi vinavyotumiwa kuueleza bado vimebeba maana ya hiari au wajibu. Na pale walimu walipowasahihisha watoto waliosema “it is me”, yeye aliuliza kwa nini wasemaji hupendelea umbo hilo. Jibu lake lilikuwa kwamba nafasi inayofuata kitenzi ni makao ya yambwa katika Kiingereza, na kiwakilishi huchukua umbo la makao yake. Hiyo ndiyo sarufi fafanuzi: kanuni hutafutwa katika matumizi.

Ushahidi wake aliukusanya kwa vikaratasi. Alisoma fasihi ya Kiingereza ya karne nyingi, na kila alipoona muundo wa kuzingatiwa aliunakili, akaupanga. Wanafunzi wa leo wanaweza kulalamika, na kwa haki, kwamba maandishi ya waandishi hodari hayatoshi kuwakilisha usemi wa watu wa kawaida. Lakini mgeni asiyezaliwa na lugha ile hakuthubutu kutegemea hisia zake, na huenda ndiyo sababu alishinda wenyeji wengi kwa uangalifu.

Nadharia yake inayokumbukwa zaidi ni ile ya madaraja matatu. Katika kirai “mbwa mkali sana”, neno “mbwa” lina daraja la kwanza, “mkali” la pili kwa kuwa linalifafanua la kwanza, na “sana” la tatu. Mfano huo ni wa Kiswahili, na unaonyesha kwamba chombo hicho kinavuka mipaka ya Kiingereza.

Kwa msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, liko jambo lisilopaswa kufunikwa. Katika Progress in Language, kitabu cha mwaka 1894, Jespersen alidai kwamba lugha huendelea kwa kupunguza viambishi na kurahisisha maumbo. Akagusa lugha za Kibantu kwa kutegemea mifano ya Kizulu iliyotolewa na Wilhelm Bleek, akauona upatanisho wa kisarufi, kama ule wa “kitabu changu kizuri kimepotea”, kuwa mzigo ambao lugha zilizoendelea zimeutua. Aliyekataa Kiingereza kipimwe kwa Kilatini alizipima lugha za Kibantu kwa Kiingereza. Upatanisho huo hufanya kazi: ndio unaomruhusu msemaji kuacha nomino yenyewe, akasema “kimepotea”, na msikilizaji akajua kwamba kilichopotea si mtu wala mti.

Kazi yake kubwa, A Modern English Grammar on Historical Principles, ilianza kutoka mwaka 1909 kwa juzuu la sauti na tahajia, na humo ndimo alimoyapa jina mabadiliko makuu ya irabu ndefu za Kiingereza. Juzuu la pili lilitoka mwaka 1914, la tatu likasubiri hadi 1927. Mwaka 1933 alitoa Essentials of English Grammar, muhtasari wa juzuu moja. La sita lilichapishwa mwaka 1942, Denmark ikiwa chini ya jeshi la Ujerumani. Jespersen alifariki tarehe 30 Aprili 1943, na juzuu la saba likakamilishwa na msaidizi wake, Niels Haislund, likatoka mwaka 1949.