Raman na kijaluba cha bibi

Marehemu bibi yangu alikula tambuu kwa tumbaku umri wake wote. Kidonda cha shavuni kilipojulikana ni saratani, tulikuwa tumeshachelewa. Ndiyo maana namkumbuka C. V. Raman, Mhindi aliyezaliwa 1888. Mwaka 1921, akiwa melini, alistaajabia ubuluu wa bahari ya Mediterania. Mwaka 1928, mjini Calcutta, aligundua kuwa nuru ikipiga kitu, sehemu yake ndogo hubadilika rangi, na kila kitu kina badiliko lake. Alipata Nobel 1930, akafariki 1970. Leo watafiti wanajaribu kumulika kinywa kwa njia hiyo, watambue saratani mapema bila kukata nyama. Jamaa zangu, kidonda kisichopona kwa wiki 2 kionesheni kwa daktari.