Penfield, daktari aliyeamini ubongo hausahau

MGONJWA alilala juu ya meza ya upasuaji akiwa macho, sehemu ya fuvu lake imefunguliwa, naye akizungumza na daktari. Ubongo wenyewe hauhisi maumivu, hivyo ganzi ya ngozi ya kichwa ilitosha. Ndivyo Wilder Penfield alivyowapasua wagonjwa wa kifafa mjini Montreal, Kanada, na ndivyo alivyokutana na swali lililomwandama hadi uzeeni: je, yaliyosahaulika hupotea kabisa?

Penfield alizaliwa Januari 26, 1891 mjini Spokane, Marekani. Alisomea vyuo vikuu vya Princeton, Oxford na Johns Hopkins kabla ya kuhamia Montreal mwaka wa 1928. Mwaka huo huo alimpasua dadake, Ruth, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Hakuweza kuuondoa wote, na Ruth akafariki 1931. Mwaka wa 1934, kwa ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller, Penfield alifungua Taasisi ya Neva ya Montreal katika Chuo Kikuu cha McGill.

Kabla ya kukata, aligusa ubongo kwa umeme hafifu ili atambue sehemu zinazotawala usemi na viungo, asije akaziharibu. Alipogusa upande ulio karibu na sikio, baadhi ya wagonjwa walisikia muziki au sauti za jamaa, wengine wakaona matukio ya zamani kana kwamba yanatendeka upya. Penfield aliamini kuwa ubongo huhifadhi kila jambo ambalo mtu amewahi kulizingatia.

Hata hivyo, takwimu zake zilidai tahadhari. Katika ripoti aliyoitoa 1963 pamoja na Phanor Perot, kati ya wagonjwa 520 walioguswa sehemu hiyo, ni 40 pekee waliopata hali hiyo.

Penfield alifariki Aprili 5, 1976 akiwa na umri wa miaka 85. Miaka minne baadaye, wanasaikolojia Elizabeth na Geoffrey Loftus walieleza kwamba mengi ya yale yaliyosimuliwa yalifanana na ndoto, na hayakuthibitishwa kuwa yalitokea.

Mjadala huo haukubakia vyuoni. Katika miaka ya 1990, mahakama za Marekani zilisikiza kesi za watu wazima waliowashtaki wazazi wao kwa maovu waliyodai kuyakumbuka baada ya miaka mingi. Baadhi ya hukumu zilibatilishwa.

Utafiti umeonyesha kwamba mtu anaweza kukumbuka jambo la kweli alilolisahau kwa muda mrefu. Vilevile anaweza kukumbuka, kwa yakini ile ile, jambo ambalo halikutokea kamwe. Umeme wa Penfield haukuweza kuyatenganisha mawili hayo. Aliyedhulumiwa kweli na aliyesingiziwa, wote wawili hutegemea ushahidi ulio nje ya kumbukumbu.