Delamere: Bwanyenye aliyebet na ardhi ya wenyewe

Kama umewahi kupanda matatu ya Nakuru, Delamere pale Naivasha unapajua. Dereva anaegesha, watu wanashuka kununua yogati na samosa, wengine wanakimbilia choo, kisha safari inaendelea. Mimi nimepita hapo mara kibao nikidhani hilo ni jina la kampuni tu. Kumbe ni la mtu. Na maisha yake, bana, si ya kawaida.

Jina lake halisi ni Hugh Cholmondeley. Usijisumbue na hizo herufi zote 12, wenyewe hutamka “Chamli” tu. Alizaliwa 1870 katika familia ya mabwanyenye wa Cheshire, Uingereza, watu wa jumba kubwa liitwalo Vale Royal. Baba yake alifariki 1887, na kijana wa miaka 17 akarithi kila kitu: jumba, mashamba na cheo cha Lord Delamere wa tatu. Wewe ukiwa na miaka 17 ulikuwa unaombea mathe akupe fare.

Badala ya kutulia, jamaa akaanza safari za kuwinda simba Somalia. Mwaka wa 1894 simba akamgeuzia kibao na kumrarua mguu. Aliyemwokoa ni Msomali aliyembebea bunduki, Abdullah Ashur, aliyemrukia yule simba mikono mitupu. Delamere alichechemea maisha yake yote. Abdullah hana barabara wala duka lenye jina lake.

1897 akatokea kaskazini hadi nyanda za juu za Kenya, akaona kijani kile, akapagawa. Alirudi kwao, akamwoa Lady Florence Cole, binti wa Earl wa Enniskillen huko Ireland, na mwaka wa 1900 wakapata mtoto wao wa pekee, Thomas. Lakini moyo ulikuwa umebaki huku.

1903 serikali ya kikoloni ikamkodisha ekari 100,000 kule Njoro kwa miaka 99. Ekari 100,000, msee! Hiyo ni zaidi ya nusu ya Kaunti ya Nairobi, mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka uliofuata Wamaasai wakafanyiwa mkataba uliowahamisha kutoka Bonde la Ufa, wengi wakapelekwa Laikipia. Shamba lake la pili, Soysambu, liko karibu na Ziwa Elmenteita, palepale walipohamishwa. Laikipia kwenyewe wakaondolewa tena baada ya mkataba mwingine wa 1911. Walikimbilia kortini 1913, wakashindwa.

Hapa sasa ndipo kamari ilianza. Delamere alileta kondoo kutoka New Zealand, wengi wakafa. Ng'ombe nao magonjwa yakawafyeka. Nyasi ya Njoro haikuwa na madini ya kutosha, na Wamaasai walikuwa wakiikwepa. Angeuliza tu! Akahamia ngano, kutu ikaila. Alichofanya ni kuanzisha utafiti wa kutafuta ngano inayostahimili kutu, na 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited. Ndiyo, hao hao wa Jogoo. Ugali wako wa jioni una historia.

Pesa zote hizo zilitoka wapi? Aliweka rehani mali ya Uingereza, akakopa na kukopa tena.

Florence ndiye aliyelipa kimya kimya. Binti wa Earl aliishi kwenye kibanda cha nyasi, akisimamia shamba mume akiwa kwenye siasa. Afya ikadhoofika, na 1914 akafariki. Ndugu zake wawili pia walihamia Kenya. Mmoja wao, Galbraith, alimpiga risasi Mwafrika aliyedaiwa kuiba kondoo. Baraza la wazungu wenzake likamwachilia, ingawa serikali baadaye ilimfukuza nchini.

Kisiasa, Delamere ndiye aliyekuwa sauti ya walowezi. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria 1907, na 1908 akasimamishwa kwa kuongoza maandamano dhidi ya Gavana. Alitaka Kenya iwe nchi ya wazungu, ijitawale chini yao. 1923 alienda London kupigania hilo. Serikali ya Uingereza ikatangaza kuwa maslahi ya Waafrika yatangulie. Kwenye karatasi, angalau.

Alioa tena 1928. Mkewe wa pili, Gwladys, baadaye akawa meya wa Nairobi. Delamere mwenyewe alifariki Novemba 1931, akiwa na miaka 61 na madeni ya benki ya takriban pauni 500,000.

Walowezi walimsimamishia sanamu jijini, na barabara ikaitwa Delamere Avenue. Uhuru ulipokuja sanamu ikaondolewa. Barabara ndiyo hii unayokanyaga leo ukienda kazini: Kenyatta Avenue.

Kuna wanaomsifu kwamba alipoteza mali yake yote kwa kuijenga Kenya. Sawa, alipoteza. Lakini kila anayebet anajua sheria: unaweka dau lako, ukichomeka unavumilia. Wamaasai hawakuwa wameweka dau lolote, na bado mkeka ulipochanika ni wao waliokuwa wamepoteza malisho. Familia ya Delamere ilibaki na Soysambu.

Next time dereva akisimama Naivasha, nunua yogati yako, sikukatazi. Ila ujue unakunywa jina la nani.