Kadhi Aliyeshika Kalamu

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa kisiwani Mombasa mwaka 1891, akafiwa na baba angali mdogo. Mwingereza alipokuwa akitawala, na elimu ya dini ikisomwa zaidi kwa Kiarabu, yeye alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, ili hata asiyejua Kiarabu asome kwa Kiswahili. Aliwahimiza Waislamu watafute elimu, wala hakuwaficha makosa yao. Makala zake zilikusanywa katika kitabu cha Uwongozi. Tangu 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Sisi wa Buguruni, pamoja na ndugu zetu wa visiwani, twawausia wenye vyeo: semeni na watu kwa lugha waielewayo.